Grisi, vumbi na matrekta ya karanga: somo la Nachingwea kwa mwenye mashine ya kupulizia mikorosho



Msimu wa kupulizia mikorosho unakaribia, na maswali yanayonifikia kutoka Nachingwea na Ruangwa ni yale yale ya kila mwaka. "Bwana shamba, mashine yangu haiwaki." "Inawaka lakini haina nguvu." "Fundi anasema pistoni imekwaruzika, na mashine nimeinunua mwaka juzi tu." Majibu ya haraka nimeshayaandika mara nyingi. Leo naomba uvumilie kidogo nikupe historia kwanza, kisha tutarudi kwenye spana na chupa ya oili. Nina sababu ya kufanya hivyo. Somo kubwa kuliko yote kuhusu vumbi, grisi na spea lililowahi kutolewa katika nchi hii lilitolewa kwenye ardhi yetu wenyewe, na wengi wetu tunapita juu yake kila siku bila kulijua.

Mafuta kabla ya injini

Watu wa Kusini hawakusubiri injini ndipo wajue kulainisha vitu. Ukishuka Lindi au Kilwa utakuta wajenzi wa vyombo wanaijua sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo mbao za jahazi hupakwa ili zisikauke na kupasuka. Wanaijua pia deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa unaopakwa sehemu ya chombo inayokaa ndani ya maji. Kapi, lile gurudumu dogo linalopitisha kamba ya tanga, likikauka hulia na kula kamba. Hata mvuvi wa leo anayetumia kigurudumu cha kukunjia mshipi anajua adui zake ni wawili, chumvi na mchanga. Akitoka baharini asipokisuuza kwa maji baridi, akakikausha na kukitia tone la oili, baada ya muda mfupi kitakwama.

Na huku bara tunao mbarika. Mafuta yake, mafuta ya nyonyo, yalitumika kulainisha injini za ndege za Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu yanashika vizuri kwenye chuma chenye joto kali. Nataja haya ili uone kwamba kulainisha mashine si elimu ngeni. Kanuni ni ile ile kwenye kapi la jahazi, kwenye baiskeli yako na kwenye injini ya kupulizia: vyuma viwili vinavyosuguana havitakiwi kugusana. Mafuta hukaa katikati kama utando mwembamba. Utando ukikatika, au ukiingia uchafu mgumu, chuma kinaanza kula chuma.

Mpango wa Karanga

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza kwamba karanga zilimwe kwa mashine kwenye mapori ya Tanganyika. Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa wiki chache tu, tena sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na taarifa ya matumaini makubwa.

Mwaka 1947 mpango ukatangazwa: ekari 3,210,000 zilimwe kwa miaka sita, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Zingekuwa mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Waziri wa Chakula, John Strachey, ndiye aliyeusimamia kwa upande wa serikali. Kwa hapa Tanganyika maeneo yalikuwa matatu: Kongwa katika Jimbo la Kati, Urambo katika Jimbo la Magharibi, na Nachingwea katika Jimbo la Kusini. Jimbo la Kusini ndilo lililopangiwa eneo kubwa kuliko yote. Kongwa ilitangulia kwa sababu ilikuwa karibu na reli ya kati. Nachingwea haikuwa na reli wala bandari ya maana.

Angalia ukubwa wa ahadi hiyo. Mwaka wa kwanza peke yake zilitakiwa zisafishwe na kupandwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Hiyo ni ekari moja katika kila ekari ishirini zilizoahidiwa.

Mashine zilikufaje?

Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, na nisingependa uondoke hapa ukidhani ni grisi peke yake. Mvua za Kongwa hazikutosha. Ardhi yake ilikauka na kuwa ngumu kama tofali wakati wa kuvuna. Ugonjwa wa rozeti ulishambulia karanga. Watu wa mpango hawakuwauliza vya kutosha wakulima wa Tanganyika, ambao walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono miaka yote na walijua zinapokubali na zinapokataa. Lakini mashine zilianza kushindwa kabla hata karanga hazijapata nafasi ya kushindwa, na hapo ndipo penye somo letu.

Kwanza, mashine zilikuwa za mitumba. Baada ya vita matrekta mapya yalikuwa adimu duniani, kwa hiyo wakanunua mengi yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yalikuwa yameshatumika, mengine yamekaa kwenye mvua na kutu. Hakuna aliyekuwa na daftari la kuonyesha kila moja limefanya kazi saa ngapi au limebadilishwa oili lini.

Pili, yalikuwa ya aina nyingi. Trekta la aina hii haliwezi kutumia spea ya lile. Yalifika matrekta kabla ya spea, na yalianza kazi kabla karakana yenye vifaa kamili haijasimama. Ukitaka kujua hali hiyo ikoje, nenda kwenye kijiji chenye mashine tano za kupulizia za chapa tano tofauti, kisha ujaribu kutafuta ringi mwezi wa saba.

Tatu, ardhi. Udongo wa Kongwa ulikuwa na chembechembe za mchanga mkali. Mchanga wa namna hiyo, ambao ni jiwe jeupe la kwatsi lililosagika, ni mgumu kuliko chuma cha kawaida. Uliyala majembe ya kuvutwa na minyororo ya katapila kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Vumbi lake likiingia kwenye injini na kukutana na oili, hugeuka kuwa kama ule uji wa kunolea unaotumiwa na fundi vyuma kusaga vali. Oili iliyowekwa ilinde chuma inakuwa ndiyo inayobeba tupa.

Nne, watu. Madereva na mafundi wengi walifundishwa kwa muda mfupi sana, wakapewa mashine kubwa na kusukumwa waingie porini. Halikuwa kosa lao. Mtu anayehimizwa afikishe ekari kadhaa leo, kila nusu saa ya kupiga grisi anaiona kama nusu saa iliyoibwa. Ukiweka lengo la ekari tu bila lengo la matunzo, umeshaamua mwenyewe kwamba mashine itakufa.

Matokeo yake ni kwamba kabla mwaka 1947 haujaisha, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamesimama. Wakajaribu njia nyingine. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya vita aina ya Sherman ikavigeuza matrekta, yakaitwa Shervick, jina lililounganisha Sherman na Vickers. Kifaru kimejengwa kwa ajili ya vita. Kukokota miti na visiki kutwa nzima, miezi mfululizo, ni kazi ya namna nyingine, na hayakuuokoa mpango. Kilichosaidia zaidi kilikuwa kitu rahisi: mnyororo mzito wa nanga ya meli, ukafungwa kati ya matrekta mawili yanayokwenda sambamba, ukawa unalaza miti iliyo katikati.

Nachingwea inaingia

Kwetu kazi ilianza kwa taabu ya njia. Mizigo ilishukia Lindi, ambako meli kubwa hazikuweza kufunga gatini, na barabara ya kuja huku wakati wa masika unaijua ilivyo hata leo pale lami inapokosekana. Ikabidi kujenga reli. Mwaka 1949 reli kutoka Mkwaya, kwenye mdomo wa mto Lukuledi karibu na Lindi, ilifika Nachingwea. Ilijengwa pia bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, na reli ikaunganishwa nayo baadaye. Yote haya yalikuwa kwa ajili ya karanga zilizotazamiwa kujaza mabehewa.

Karanga hizo hazikuja. Mwezi wa kwanza mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Overseas Food Corporation, shirika lililokuwa limeupokea mpango mwaka 1948, likabaki na mashamba machache ya majaribio, kisha mwaka 1955 kazi ikachukuliwa na Shirika la Kilimo la Tanganyika. Reli yetu ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa.

Hata hivyo si kila kitu kilipotea. Bandari ya Mtwara ndiyo inayosafirisha korosho zako leo. Utafiti wa kilimo uliofanyika Nachingwea uliendelea, na kituo chetu kiko chini ya Naliendele hadi sasa. Mashamba yaliyopewa namba yaliacha majina yake: Farm 17 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ambako Samora Machel aliwafunza wapiganaji wake, na jina lile bado tunalo. Na karanga zenyewe zimerudi kwa njia ya mkulima mdogo. Kati ya mbegu bora zilizotolewa na watafiti wa Naliendele ipo inayoitwa Nachingwea 2009. Inastawi kwa mkulima mwenye ekari mbili anayelijua shamba lake.

Kinywe cha Ruangwa

Kabla sijafika kwenye korosho, nizungumze na watu wa Ruangwa, maana hao wanakaa juu ya kilainishi chenyewe. Madini ya kinywe, yaliyoleta miradi ya Nachu, Chilalo na Lindi Jumbo wilayani humo, ni madini meusi, laini, yanayochafua vidole kama risasi ya penseli. Kwa kweli risasi ya penseli ni kinywe hicho hicho kikichanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kimejengwa kwa tabaka nyembamba sana zinazoteleza moja juu ya nyingine, na ndiyo sababu viwanda hukitumia kulainisha sehemu ambazo oili ingeungua au ingeshika vumbi. Kufuli lako likigoma, unga kidogo wa risasi ya penseli kwenye tundu la ufunguo ni bora kuliko oili ya kula, kwa sababu hauvuti vumbi.

Lakini tafadhali usichukue udongo mweusi wa huko machimboni ukautia kwenye mashine. Kinywe cha ardhini kimechanganyika na mawe na mchanga ule ule ulioua matrekta ya Kongwa. Kiwanda hukisafisha kwanza. Wewe ukikitia hivyo hivyo, umetia kilainishi na tupa kwa pamoja.

Kutoka katapila hadi mashine ya mgongoni

Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka hadi chini ya tani 20,000. Kuhamishiwa vijijini kuliwaacha watu mbali na mikorosho yao, bei zilikuwa duni, na ukaingia ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua na machipukizi. Watafiti wakaonyesha kwamba salfa ya unga inauzuia, na kwa kuwa mkorosho ni mrefu, salfa hiyo lazima irushwe kwa upepo wa injini. Ndivyo mashine ya kupulizia ilivyoingia Kusini, na ndivyo mkulima wa Nachingwea alivyopata tena injini ya kutunza, safari hii mgongoni mwake.

Sasa angalia hatari iliyopo. Salfa hukinga, haiponyi ua lililokwisha kuungua. Kwa salfa ya unga unatakiwa kurudia kila baada ya wiki mbili hivi wakati mikorosho inachanua. Mashine ikilala wiki mbili kwa fundi ikisubiri ringi kutoka Dar es Salaam, umekosa mzunguko mzima, na maua hayakusubiri. Utakapopeleka magunia kwenye mnada wa RUNALI utaiona hasara ile, ila hutaikumbuka kuwa ilitokana na chujio la hewa ulilokataa kuosha.

Na mashine hii ina udhaifu ambao katapila haikuwa nao. Injini yake ni ya mipigo miwili. Haina tenki lake la oili chini kama pikipiki nyingi. Oili pekee inayofika kwenye pistoni na beringi ni ile uliyochanganya kwenye petroli. Ukisahau kuichanganya mara moja tu, dakika chache zinatosha kuua silinda. Ukiweka kidogo ili kubana matumizi, unaiua polepole.

Cha kufanya msimu huu

1. Pima oili, usikisie. Soma kitabu cha mashine yako, maana uwiano hutofautiana. Ikiwa kimeandika 1:25, petroli lita 5 inahitaji oili mililita 200. Ikiwa ni 1:50, ni mililita 100. Tumia oili ya injini za mipigo miwili, si ya gari wala ya trekta. Changanya kwenye dumu safi, tikisa, ndipo ujaze tenki.

2. Safisha chujio la hewa kila siku ya kazi. Salfa na vumbi la Juni ndiyo Kongwa yako. Chujio la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likamue bila kulipinda, likauke kabisa kivulini. Kama kitabu kinaagiza, litie oili kidogo kisha ulikamue. Likichanika, nunua jingine. Usifanye kazi bila chujio hata kwa saa moja.

3. Jaza mafuta kwa faneli yenye chujio, na futa mfuniko kabla ya kuufungua. Injini iwe imepoa, na salfa iwe mbali. Unga wa salfa unawaka, na petroli juu ya chuma cha moto haina msamaha.

4. Ondoa salfa jioni ile ile. Toa iliyobaki, washa injini ipulize bomba likiwa tupu, kisha futa nje kwa kitambaa kikavu. Salfa ikikutana na unyevu wa usiku inakula chuma na nyaya. Usiimwagie maji injini.

5. Penye nipo ya grisi, futa kwanza kichwa chake ndipo upige grisi. Piga mpaka grisi ya zamani, iliyochafuka, itoke pembeni, kisha uifute. Pasipohitaji grisi usipake: grisi ya nje inashika vumbi tu.

6. Kaza nati na angalia plagi kila wiki. Plagi nyeusi yenye mafuta inakuambia oili imezidi au chujio limeziba. Plagi nyeupe iliyoungua inakuambia injini inapata joto kupita kiasi, huenda oili ni pungufu. Hapo simama.

7. Msimu ukiisha, maliza mafuta yote. Toa petroli kwenye tenki, washa mpaka injini izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Ondoa plagi, tia matone machache ya oili safi ndani ya silinda, vuta kamba taratibu mara mbili tatu, rudisha plagi. Ihifadhi pakavu, mbali na salfa na mbolea.

8. Mnunue chapa moja. Kama mko kwenye kikundi au AMCOS, kubalianeni aina moja ya mashine yenye spea Masasi, Lindi au Nachingwea mjini. Nunueni mapema plagi, ringi, chujio na kamba za kuwashia, kabla msimu haujaanza. Mashine ya bei nafuu isiyo na spea ni trekta la Ufilipino.

9. Wekeni daftari. Tarehe, saa za kazi, nani alitumia, nini kilisafishwa. Mashine ya wote isiyo na daftari huwa haina mwenyewe. Na kijana anayepulizia kwa kukodi, mlipeni na muda wa kusafisha mashine, asihesabiwe miti tu. Tusirudie kosa la ekari 150,000.

Hesabu ya mwisho ni rahisi. Oili ya kuchanganya, sabuni, kitambaa na grisi kwa msimu mzima havifiki hata bei ya silinda moja mpya pamoja na fundi wake. Wenye pauni milioni 25 walikuja hapa na mashine nyingi kuliko mafundi na spea, na ardhi ikawashinda. Wewe una mashine moja. Itoe ndani leo, fungua chujio la hewa ulione lilivyo, na ukikuta tatizo usilolielewa, mwone afisa ugani wa kata yako au fundi unayemwamini kabla maua hayajatoka.

Kazi njema.